Gauni la Sita

Mwanamke wa tano aliuawa saa nne na robo asubuhi, kwenye televisheni ya kituo cha polisi, na Koplo akacheka.

Hakucheka kwa roho mbaya. Mtu yeyote angecheka. Jitu lenye gunia kichwani na aproni ya mpira lilimkimbiza yule mwanamke katikati ya mashine kuukuu za kufulia, likamnasa, likamchoma kisu cha tumbo mara saba, na damu ikaruka mpaka darini utadhani marehemu ameunganishwa na bomba la mtaa. Kisha marehemu, macho kayatoa pima, akapiga chafya.

"Maiti ina mafua," Koplo alisema. Alikuwa mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, ingawa magoti yake yalishastaafu zamani.

Inspekta hakucheka kwa sababu hakuwa akiitazama televisheni. Alikuwa akimtazama mshonaji. Mama huyo alikaa wima kwenye kiti, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, sindano moja imechomekwa kwenye kola, na mkononi ameshika kipande cha kitambaa cha kijani kisichozidi kiganja. Binti yake alikuwa hajulikani alipo kwa siku ya ishirini na tatu. Siku tatu mfululizo alikuja kaunta na kile kipande, baki la gauni alilotoka nalo binti, na siku tatu mfululizo aliambiwa kwamba wasichana wa umri ule huondoka na mwanamume wakarudi na tumbo, avute subira. Leo Inspekta alikuwa amerudi kutoka likizo, akamkuta kwenye benchi na kumsikiliza. Ndipo mama alipotoa simu na kumwonyesha kionjo cha filamu ambacho watu walikuwa wakirushiana: filamu ya muuaji anayeua wanawake mmoja baada ya mwingine. Kwa sekunde nne tu, binti alionekana ndani yake.

"Nataka kujua kitu kimoja, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Niendelee kumwekea chakula chake jioni, au niache."

Kuipata filamu yenyewe hakukuwa kazi. Mwongozaji alipopigiwa simu alikuja mbio, ananukia manukato mpaka korido, akidhani polisi wanataka kumsaidia kuitangaza. Alikuja na mpiga picha wake, mtu mwembamba, mpole, ambaye wote walimwita Taratibu kwa sababu ndilo neno alilolipenda. "Taratibu, mzee wangu, huo waya hauingii hapo," alimwambia Koplo, akaunganisha mashine kwa vidole vyepesi. Alimwamkia mshonaji shikamoo, akamsogezea kiti ili jua la dirishani lisimuumize macho, kisha akaomba ruhusa. Saa nane mchana walikuwa wanapiga tukio la saba, alisema, na taa hazijipangi zenyewe.

Sasa mwongozaji alikuwa nje kwenye benchi, na kwenye televisheni tukio la sita lilikuwa limeanza.

Ukumbi ulikuwa uleule. Msichana mwenye gauni la kijani alitembea kati ya mashine, akitabasamu kwa aibu ya mtu asiyezoea kutazamwa. Gunia lilitokea nyuma yake. Msichana aligeuka, akaliona, akacheka. Alicheka hata kisu kilipopanda.

Damu haikuruka. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu, kisha kijani kikawa cheusi chini ya titi. Msichana alijitazama, akasema, "Ngoja." Alisema mara mbili. Kisu kilipokuja tena alikishika kwa mkono mtupu, kikapita katikati ya vidole, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayelipwa kulia. Alianguka, akajivuta kwa viwiko, akaburutwa kwa mguu mpaka alipoanzia. Kisigino kilipigapiga sakafu muda mrefu baada ya mikono kutulia. Kabla ya hapo alikuwa amemwita mama yake.

Koplo alikuwa amesimama. "Zima hiyo kitu, afande."

"Usizime," mshonaji alisema. "Irudishe nyuma. Irudishe mpaka yule wa tano."

Hakuwa akilia. Alinyanyuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, na alipoanza kusema alisema kama yuko mbele ya mteja.

"Hizi tano ni mchezo. Tazama hapa ubavuni. Gauni lilichanwa kabla, likapigwa bandi kwa uzi mlegevu ili kisu kipite bila kazi. Nyuzi hizo hapo, zinaonekana. Wote watano wamefanyiwa hivyohivyo. Haya, niletee mwanangu." Koplo alimletea mwanawe. "Hapa hakuna bandi. Kitambaa kimeingia ndani kwanza, kimevutwa na kisu, ndipo kikakubali kupasuka. Lina bitana, hilo gauni. Mimi ndiye niliyeitia. Kulipasua kunataka nguvu."

"Una uhakika gauni ni lile, mama?"

"Bega la kushoto kitambaa kilinipungukia, nikaunga kipande. Hakuna anayekijua ila mimi na yeye." Aliweka kidole juu ya kioo. "Kile pale."

Inspekta alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na minne. Alishaona maiti za kila namna, lakini hakuwahi kufundishwa kuisoma nguo.

"Na jambo lingine," mshonaji alisema. "Mwenye gunia si mtu mmoja. Kwenye zile tano kamba za aproni zimefungwa mgongoni kwa taabu, hazikutani. Tumbo lake kubwa. Huyu wa sita kamba zimemzunguka kiuno chote, zikarudi kufungwa mbele. Mwembamba, huyu."

Koplo na Inspekta walitazamana. Mwongozaji, kule nje kwenye benchi, alikuwa mwembamba kama ufito.

*

Walimwingiza na kumkalisha kwenye kiti kigumu. Kabla ya filamu alikuwa mshereheshaji wa harusi, na mdomo wake ulikuwa bado wa harusi.

"Wakuu wangu, mmeionaje? Semeni ukweli, ya sita si moto?"

"Anayevaa gunia ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Bonge. Kijana wangu. Kilo mia na ishirini, lakini moyo wa kifaranga."

"Tukio la sita halikuwa na Bonge."

"Siku hiyo sikuwepo, afande. Bonge naye alikuwa safarini, ndiyo maana nikasema tupumzike. Nilikuwa nang'olewa jino. Kesho yake Taratibu akaniletea tukio limekamilika, akasema kampata msichana na mtu wa kuvaa gunia. Nilifurahi, niseme uongo? Zile tano za mwanzo tuliziweka kwenye ukumbi wa sinema watu waonje. Wakacheka! Wengine walicheka mpaka soda ikawatoka puani. Nilitamani ardhi inimeze. Taratibu alikaa nyuma kabisa, hakusema neno. Lakini hii ya sita tulipoiweka, mkuu, hakuna aliyekohoa."

"Fungua mdomo."

"Samahani?"

"Ufungue."

Inspekta aliwasha tochi ya simu akahesabu. Alihesabu juu, akahesabu chini. Mwongozaji alikuwa na meno yote thelathini na mawili, meupe, yamejipanga vizuri kabisa.

"Mzee," alimwambia Koplo, "mpeleke mahabusu."

Koplo alimpa maji, akamnyang'anya mkanda na viatu, na Inspekta aliuliza swali moja kwa namna tano tofauti: siku ile ulikuwa wapi. Namna zote tano mwongozaji alishikilia jino. Inspekta akajiambia amempata mtu wake. Alipiga simu ya Taratibu amwambie tukio la saba limefutwa na aje aandikishe maelezo. Simu ilikuwa imezimwa. Hakujali sana. Bila mwongozaji kuna filamu gani? Hilo ndilo kosa alilolifanya siku hiyo, na hakuwahi kulificha kwenye ripoti yake.

Saa saba kasorobo mwongozaji alivunjika. Lakini alichokitoa hakikuwa mauaji.

"Nilikuwa harusini," alisema akilia kwa kwikwi. "Nilishatangaza mbele za watu kwamba mimi na harusi basi, sasa ni msanii. Halafu njaa ikanizidi. Nilivaa suti ya njano, afande. Niliwachezesha wakwe!"

Picha zilikuwemo kwenye simu yake, mchana kutwa, tarehe na saa vimeandikwa chini, na mashahidi mia tatu wakipiga vigelegele. Inspekta alizipitisha haraka, na suti ya njano ikacheza mpaka picha ya mwisho.

"Picha ambayo haijakatwa iko wapi?" aliuliza. "Ile iliyotoka kwenye kamera."

"Kwa mhariri."

*

Mhariri alikuwa dada mwenye miwani minene, anafanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, miguu kaiingiza kwenye beseni la maji kwa sababu kompyuta zake zilikuwa zinatoa joto la tanuri. Hakuitoa miguu walipoingia.

"Ya sita? Nilijua mtakuja kuiuliza," alisema. "Nilidhani wamepata mpambaji mpya. Damu ya siku zote wanaipika kwa sukari na rangi ya keki, inabaki nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Hii inaiva, inakuwa kahawia mbele ya macho yako."

"Tuonyeshe yote. Mwanzo mpaka mwisho."

Ilikuwa ya dakika nane. Inspekta alijilazimisha asimtazame msichana. Alitazama pembe za picha, kuta, mashine, kivuli cha dirisha. Dakika ya tatu ndipo alipoona.

"Haitikisiki," alisema.

"Nini?"

"Kamera. Kwenye zile tano inakimbia pamoja nao, inahema, inagongana na milango. Hapa imesimama palepale. Hata anapoburutwa akatoka pembeni, haimfuati. Inasubiri arudishwe."

Mhariri alisogeza miwani. "Kweli. Imewekwa kwenye stendi."

"Kwa nini mpiga picha aiweke kwenye stendi?"

"Akitaka picha iliyotulia. Au kama hayupo nyuma yake."

Kwenye kompyuta kisigino kilikuwa kimeacha kupiga sakafu. Mwenye gunia alisimama, akafuta kisu kwenye aproni, akatoka upande wa kulia. Koplo alinyoosha mkono kuizima.

"Acha," Inspekta alisema.

Mwenye gunia alirudi. Mkononi alibeba kile kibao cheusi wanachokigonga mbele ya kamera, chenye namba ya tukio kwa chaki. Alikishika kichwa chini, namba zimepinduka, vidole vinatiririka. Akakigonga mara moja. Kisha mkono ukaja mpaka ukajaza picha yote, na giza likaingia.

"Mbona kakigeuza?" Koplo aliuliza.

"Ah, hiyo ni kazi tu," mhariri alisema, kwa wepesi wa mtu anayeeleza jambo la kila siku. "Ukisahau kukigonga mwanzoni, unakigonga mwishoni, lakini unakipindua. Mimi nikikiona kichwa chini najua ni cha tukio lililopita, si cha linalokuja. Hapo naweza kukutanisha sauti na picha. Wananisaidia mimi."

"Mwongozaji anajua hilo?"

"Yule? Yule mpaka leo anakiita ubao wa kukatia vitunguu."

"Bonge?"

"Bonge anajua kunguruma na kuanguka."

"Basi kwenye kundi lote, nani hukupindulia kibao?"

Mhariri alifungua mdomo ajibu, na jibu likamfika yeye mwenyewe kabla halijawafika wao. Aliitoa miguu kwenye beseni, maji yakamwagika sakafuni.

"Taratibu," alisema. "Ni Taratibu peke yake. Mungu wangu, alikuwa amemaliza kuua mtu, akanikumbuka mimi."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

*

Kiwanda cha zamani cha kufulia mashuka ya hospitali kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, geti limekula kutu. Bonge alikuwa amekaa kwenye ngazi, anakula mkate, aproni haipo, gunia halipo.

"Tukio limeanza?" Inspekta aliuliza huku akikimbia.

"Kaka Taratibu kasema hanihitaji leo. Anachukua picha za karibu tu na yule msusi wa tukio la saba. Kasema nikae huku nisiharibu sauti." Alitazama bastola, mkate ukamdondoka. "Kwani kuna nini, dada?"

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kutoka upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke akicheka.

Kisha kicheko kikakatika.

"Bonge," Inspekta alisema, "una kilo ngapi?"

Bonge aliinamisha bega, akaja kwa mbio za hatua nne, na mlango ukaondoka na bawaba zake.

Ukumbi ulikuwa mweupe kwa taa. Kamera ilisimama katikati kwenye miguu yake mitatu, taa yake nyekundu inawaka, nyuma yake hakuna mtu. Msusi alikuwa magotini kando ya mashine, mkono mmoja kaukandamiza begani, damu inapita katikati ya vidole na kudondoka haraka. Mwenye gunia alikuwa amemkamata nywele, kamvuta kichwa nyuma mpaka koo limekaza. Kamba za aproni zilikuwa zimefungwa mbele.

Inspekta alielekeza bastola akaona macho ya msusi palepale ambapo risasi ingepita. Hakufyatua. Aliyekwenda ni Koplo, na magoti yake mabovu, kichwa mbele kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Kisu kilimpokea kwenye mkono, kikachana sare na nyama kutoka kiwiko mpaka kwenye saa. Koplo alitukana tusi ambalo Inspekta hakujua kwamba mzee analijua, lakini hakuachia. Wote wawili walianguka juu ya msusi.

Ukutani palisimamishwa fimbo ndefu ya chuma, zile za kutolea mashuka ya moto mashineni. Inspekta aliishika kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilivunja kiganja, kisu kikateleza sakafuni. La pili lilitua kwenye ubavu, na mfupa ulisikika. La tatu halikuwa la lazima. Alilipiga kwa ajili ya kile kisigino, na analijua hilo mpaka leo.

Alimpindua, akamfunga pingu, akavua gunia. Taratibu alikuwa na damu kwenye meno na utulivu uleule wa asubuhi.

"Taratibu, afande," alisema. "Kamera inaendelea."

"Yule msichana wa gauni la kijani yuko wapi?"

"Zile tano walizicheka. Umesikia walivyocheka? Miaka kumi na tisa nashika kamera, wakacheka." Alikohoa. "Hakuna aliyeicheka ya sita."

"Yuko wapi?"

Taratibu alikuwa akitafuta kitu kwa macho, sakafuni, kati ya miguu yao. "Kibao," alisema. "Hakuna aliyegonga kibao."

Bonge alikuwa amevua shati akamfunga msusi bega, analia waziwazi huku anamwambia usilale, dada, nizungumzie, unasukia wapi. Na msusi alikuwa akimjibu. Alikuwa hai. Koplo alikaa ameegemea ukuta, mkono kauviringisha kwenye kofia yake, uso umekuwa wa majivu.

"Afande," alisema. "Mashine ya mwisho kule. Zote zina kutu. Ile ina kufuli jipya."

Inspekta alilivunja kwa ile fimbo. Mlango wa mviringo ulifunguka polepole, na harufu ikatoka kwanza. Alimulika mara moja tu, bega la kushoto, penye kipande kilichoungwa. Kisha akaufunga tena, kwa mkono mpole, na kusubiri madaktari.

*

Jua lilikuwa linashuka aliporudi kituoni. Mshonaji alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti, pale kilipowekwa asubuhi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alimtazama Inspekta viatu, akamtazama mikono, akajua.

"Niache kumwekea," alisema.

"Uache, mama."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na bei. Kisha alijikunja pale kitini, paji la uso likagusa magoti, na akalia kwa sauti ya chini isiyokatika. Inspekta alipiga magoti, akamshika mabega.

Baadaye sana mama aliinuka, akajifuta kwa upande wa mkono.

"Gauni mtanipa?"

"Haiwezekani, mama. Ni kielelezo. Litakwenda mahakamani."

"Lina matundu mangapi?"

Inspekta angeweza kudanganya. "Kumi na moja."

"Basi kaeni nalo. Simziki mwanangu na matundu." Alichomoa sindano kwenye kola. "Dukani jora lile bado lipo. Vipimo vyake ninavyo kichwani."

Alitoa uzi wa kijani mkobani, akajaribu kuutunga. Ulipita pembeni. Akajaribu tena, na tena, kwa vidole vilivyotunga sindano miaka thelathini bila kutazama. Mwishowe alimnyooshea Inspekta sindano na uzi. Inspekta aliupokea uzi, akaulowesha ncha kwa mate, akautunga, akamrudishia.

Mshonaji alikunjua kile kipande alichokishika tangu asubuhi, kimelowa jasho la mkono, akakinyoosha juu ya goti.

"Hiki kinatosha bega," alisema. "Nitaunga palepale pa kushoto. La sivyo hatajua kwamba ni lake."